Inawaka kwenye hali salama, inaganda kwenye uwashaji wa kawaida: uchambuzi wa kisa cha kompyuta moja ya Kariakoo

Kompyuta mpakato inayozungumziwa hapa ni ya mhasibu wa duka moja la jumla la vitenge, Kariakoo. Ni mashine ya inchi 15 iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika ughaibuni, yenye Windows 10 Pro, kumbukumbu ya gigabaiti 8, diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500 na chipu mbili za grafiki, moja ikiwa ndani ya prosesa ya Intel na nyingine ikiwa imekaa peke yake kwenye bodi kuu. Mwenye mashine hakuwa na habari kwamba ana chipu mbili, na watumiaji wengi wa mashine za aina hiyo hawana habari hiyo, kwa sababu Windows huzibadilisha yenyewe kimyakimya kulingana na kazi iliyopo.

Dalili ilikuwa moja na haikubadilika. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, nembo ya mtengenezaji inatokea, vitone vya Windows vinaanza kuzunguka chini yake, kisha, muda mfupi kabla ya skrini ya nywila kufunguka, vitone vinasimama palepale vilipofika. Feni inaendelea kuvuma. Ukibonyeza Caps Lock, taa yake haiwaki wala haizimi. Hakuna ujumbe wa kosa wala skrini ya bluu, na njia pekee ya kutoka hapo ni kushikilia kitufe cha umeme mpaka mashine izime.

Mtaani hali hii inaitwa kustaki, na neno hilohilo hutumika kwa mashine ambayo vitone vyake vinazunguka nusu saa bila kufika popote. Kwa fundi hayo ni magonjwa mawili. Mashine ambayo vitone vinaendelea kuzunguka bado iko hai na inasubiri kitu, ambacho mara nyingi ni diski inayosoma kwa taabu au huduma iliyogoma kuanza. Mashine ambayo vitone vimeganda na taa ya Caps Lock haiitiki imekwama kwenye kiini cha mfumo chenyewe, na hapo mshukiwa wa kwanza huwa ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani, au kifaa ambacho draiva hiyo inajaribu kukiamsha. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho kabla hata hujafungua mkoba wa vifaa, na inashangaza jinsi inavyopuuzwa.

Historia ya mashine ilikuwa na thamani kuliko vipimo vingi vilivyofuata. Nilimuuliza mwenyewe, "Dada, Windows hii ilipigwa lini?" yaani iliwekwa upya lini. Akajibu, "Wiki iliyopita, fundi. Kuna kijana alinipigia, ikakaa vizuri kabisa. Nikaunga hotspoti ya simu nipakue programu ya hesabu, kesho yake asubuhi ikaanza tena kustaki." Yule kijana alikuwa amemweleza kwamba ni virusi vya intaneti, akamshauri apige tena Windows na safari hii anunue programu ya kuzuia virusi. Dada huyu alikuwa na haraka, kwa kuwa ritani ya VAT inatakiwa TRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata na hesabu za duka zilikuwa humo ndani.

Maelezo hayo yana mambo mawili yanayopingana na nadharia ya virusi. Kwanza, Windows mpya kabisa, isiyo na kitu kingine ndani yake, ilifanya kazi vizuri, kisha ikaganda mahali palepale ilipokuwa ikiganda ile ya zamani. Pili, kilichobadilika kati ya nzima na mbovu ni kuunganishwa na intaneti, na jambo la kwanza ambalo Windows 10 hufanya ikipata intaneti, kabla mtumiaji hajapakua chochote, ni kujitafutia masasisho pamoja na draiva za vifaa inavyovikuta kwenye mashine. Kwa hiyo hotspoti ile ilileta programu ya hesabu na ilileta pia draiva, na hizo draiva hakuna aliyeziagiza.

Kabla ya kupima lolote, mafaili ya hesabu yalinakiliwa kwenye diski ya nje. Hili halihitaji maelezo marefu: mashine inayoganda inazimwa kwa kitufe, na kila kuzima kwa kitufe ni nafasi ya kuharibu faili lililokuwa likiandikwa. Kunakili kulifanyika katika hali salama, ambayo kwenye menyu imeandikwa Safe Mode. Tangu Windows 8, kitufe cha F8 hakifungui tena menyu hiyo kwenye usanidi wa kawaida, hivyo njia mojawapo iliyobaki kwa mashine isiyofika kwenye skrini ya nywila ni kuikatiza inapowaka mara kadhaa mfululizo mpaka Windows yenyewe ifungue sehemu ya ukarabati, kisha unapita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, unaiwasha upya na kubonyeza 4. Mashine ikawaka bila shida. Ikakaa saa nzima ikinakili mafaili, haikukwama hata kidogo.

Hapo ndipo uchunguzi wa visa vingi vya namna hii unapopotea. Mashine ikiwaka vizuri katika hali salama, hukumu inayotolewa ni kwamba vifaa ni vizima na Windows ndiyo mbovu, na hukumu hiyo inazaa dawa moja tu, kupiga Windows. Lakini hali salama ni uwashaji uliopunguziwa mizigo. Windows hupakia kiini chake, draiva za diski, kibodi na kipanya, na draiva ya msingi ya picha iliyotengenezwa na Microsoft, ambayo inachora skrini kwa namna rahisi kabisa bila kuiomba chipu ya grafiki ifanye kazi yake halisi. Draiva za grafiki za watengenezaji zinaachwa, sauti inaachwa, mtandao unaachwa usipouchagua, na huduma nyingi hazianzishwi. Kusema mashine ni nzima kwa sababu imewaka hivyo ni kumpima mgonjwa wa goti akiwa amekaa kwenye kiti. Ilichotuambia hali salama ni kwamba kilichoharibika, kiwe programu au kifaa, hakimo kwenye orodha ile fupi au kimo lakini hakijatumikishwa. Kazi inayobaki ni kupunguza pengo kati ya uwashaji ule na huu, hatua kwa hatua, mpaka kibaki kitu kimoja.

Diski ilichunguzwa kwanza, kwa sababu ndiyo inayokufa zaidi katika mashine za umri huu. CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, ilionyesha kwamba hakuna sekta, yaani vipande vya diski, zilizohamishwa wala zinazosubiri kuhamishwa, yaani mistari ya 05 na C5 ilikuwa sifuri, na kwenye kumbukumbu za matukio za Windows hapakuwa na malalamiko ya diski kama tukio namba 7, linaloripoti sekta mbovu. Lililojaa humo ni Kernel-Power 41. Tukio hili limewapotosha wengi kwa jina lake, hasa katika jiji ambalo umeme ukikatika kila ubovu unahusishwa na umeme. Linasema tu kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu, jambo tulilolijua tayari, kwa kuwa ni sisi tuliokuwa tukiizima kwa kitufe.

Kumbukumbu ya mashine, yaani RAM, ilipimwa usiku kucha na haikuonyesha kosa. Hata bila kipimo hicho, RAM mbovu kwa kawaida haina adabu ya kuganda mahali pamoja kila siku; leo itakwama kwenye vitone, kesho katikati ya kazi, keshokutwa itatoa skrini ya bluu, na hali salama nayo isingesalimika.

Huduma na programu zinazoanza na Windows ziliondolewa kwa msconfig, zana ya Windows yenyewe, zikaachwa zile za Microsoft pekee. Mashine iliganda vilevile. Hilo lilitarajiwa, kwani ilikuwa ikikwama kabla ya kufika mahali ambapo programu za mtumiaji zinaanza, lakini ilifaa kulithibitisha ili yule kijana wa kwanza na nadharia yake ya virusi wapate haki yao. Wakati huohuo uwashaji wa haraka ulizimwa kwenye mipangilio ya umeme. Tangu Windows 8, unapozima mashine kwa njia ya kawaida Windows huhifadhi sehemu ya kiini chake kwenye diski na kuirudisha inapowaka, ilhali unapochagua kuiwasha upya inaanza kila kitu tangu mwanzo. Fundi asiyelizingatia hilo anaweza kulinganisha uwashaji wa aina mbili akidhani ni mmoja, akaondoka na jibu lisilo na maana.

Kipimo kilichofungua kisa hakikuhitaji programu yoyote. Kwenye menyu ileile ya Startup Settings, juu ya hali salama, kuna namba 3, inayowasha Windows nzima na draiva zake zote isipokuwa za grafiki, ikitumia picha ya kiwango cha chini. Mafundi wengi huiruka kwa sababu maelezo yake yanaonekana kuwa ya mtu mwenye skrini mbovu. Tulipoichagua, mashine ilipita vitone, ikafungua skrini ya nywila, ikaingia na sauti, Wi-Fi, huduma zote na hata programu ya hesabu. Pengo lililokuwa na mamia ya vitu likawa limebaki na draiva za grafiki na chipu zake mbili. Windows pia inaweza kuandika orodha ya draiva inazopakia katika faili liitwalo ntbtlog.txt, ndani ya folda ya Windows, na tuliitazama, ila orodha hiyo isomwe kwa tahadhari: draiva inayoigandisha mashine huenda isiwahi kuandikwa, na ya mwisho kuonekana ikabebeshwa lawama isiyo yake.

Mahali pa kuganda napo palianza kueleweka. Vitone vile vinachorwa kwa njia rahisi isiyoitegemea draiva ya mtengenezaji, na muda mfupi kabla ya skrini ya nywila kutokea ndipo draiva kamili inapochukua usukani wa picha na chipu inapoamshwa kwa mara ya kwanza. Mashine yetu ilikuwa ikifia kwenye makabidhiano hayo.

Sasa likabaki swali ambalo ndilo ugumu wa kisa hiki: je, draiva ni mbovu, au ni nzima lakini inaamsha chipu iliyokufa? Kwa mtazamaji mambo haya mawili yanafanana kabisa. Yote yanapona draiva ikiondolewa na yote yanarudi ikirudishwa, na ndiyo maana kupiga Windows "kulitibu" mashine kwa siku chache: Windows mpya haikuwa na draiva ile mpaka hotspoti ilipoileta.

Tuliingia hali salama tukafungua Device Manager, orodha ya vifaa vya mashine, tukaizima chipu inayojitegemea na kuiacha ya Intel. Mashine ikawaka kwa kawaida. Tukiwa kwenye dawati la Windows, mashine ikiwa imetulia, tukaiwezesha tena chipu ile kwa kubonyeza tu: mshale wa kipanya ulisimama katikati ya skrini, saa ya pembeni ikaacha kusonga, na Caps Lock ikawa haiitiki. Ugonjwa uliodhaniwa ni wa uwashaji haukuwa na uhusiano na uwashaji, ila kwamba uwashaji ni wakati ambao chipu ile huamshwa bila kuombwa.

Baada ya hapo draiva yote iliondolewa kabisa katika hali salama na kuwekwa toleo la zamani lililotolewa na mtengenezaji wa kompyuta yenyewe kwa ajili ya modeli hiyo. Ikaganda. Ushahidi huo uliielemea chipu, ingawa bado mtu angeweza kusema kwamba Windows yenyewe ina kasoro. Kwa hiyo tuliiwasha mashine kwa Ubuntu, mfumo endeshi usio Windows, kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Kwa chaguo la kawaida ilikwama inapoamsha grafiki. Kwa chaguo la grafiki salama, ambalo huipa kernel, yaani kiini cha mfumo huo, amri ya nomodeset ili isiamshe chipu mapema, iliwaka na kufanya kazi. Mfumo mwingine kabisa, wenye draiva zilizoandikwa na watu wengine, umeshindwa na kitu kilekile. Hapo draiva ya Windows iliondolewa lawamani.

Mashine ilipofunguliwa, kati ya feni na mapezi ya kupozea palikuwa na zulia la vumbi la kijivu lililochanganyika na nyuzi za vitambaa, zito kiasi cha kuinuliwa kwa kibano likiwa kipande kimoja. Duka la vitenge halikosi nyuzi hewani. Grisi ya kupitisha joto juu ya chipu ilikuwa imekauka na kupasuka. Tulisafisha na kuweka grisi mpya, na mashine ikawa baridi na tulivu zaidi, lakini kuganda hakukuondoka, hata ilipowashwa asubuhi ikiwa haijapata joto lolote. Ninaamini joto la muda mrefu ndilo lililoiua chipu. Kuondoa joto baada ya kifo hakufufui kitu.

Dawa inayotolewa sana mtaani kwa ubovu huu ni kuipasha chipu kwa bunduki ya hewa moto, na siipendekezi. Wanaoitetea wanasema lehemu chini ya chipu imepasuka na moto unaiunganisha tena. Ni kweli kwamba tangu Julai 2006, masharti ya Umoja wa Ulaya yalipoanza kuzuia madini ya risasi katika vifaa vingi vya kielektroniki, viwanda vilihamia kwenye lehemu ambazo hazivumilii kupanuka na kusinyaa kama ile ya zamani. Hata hivyo mara nyingi mpasuko uko ndani ya chipu yenyewe, kati ya jiwe lake na kitako kinachoibeba. Mwaka 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga dola za Marekani kati ya milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa zikifa kupita kiasi, ikataja udhaifu wa malighafi za kuzifungasha. Moto unaweza kuyagusanisha yaliyoachana kwa wiki kadhaa, kisha mizunguko ya kupata joto na kupoa inayaachanisha tena, na katikati ya hapo bodi kuu imechomwa pamoja na prosesa iliyo jirani. Kwa mashine yenye chipu ya pili iliyo nzima, hatari hiyo haina sababu.

Kwa mhasibu, grafiki ya Intel inatosha na kubaki. Njia bora ingekuwa kuizima chipu mbovu kwenye bayosi, programu ya bodi kuu inayoanza kabla ya Windows, lakini mashine hii haina chaguo hilo. Kuizima kwenye Device Manager pekee hakuaminiki vya kutosha, kwa kuwa sasisho kubwa la Windows linaweza kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kwa sababu Windows yake ni Pro, tulitumia gpedit, kihariri cha sera za Windows: chini ya Device Installation Restrictions kuna sera ya kuzuia kifaa chenye utambulisho fulani kisiwekewe draiva, na humo tukaingiza utambulisho wa chipu ile, unaoanza na PCI\VEN, tulioukuta kwenye sifa zake. Mwenye kufanya hivi aangalie tarakimu zinazofuata VEN. Zikiwa 8086 hiyo ni Intel, na akiizuia atakuwa ameizuia ile anayoitegemea. Windows Home haina gpedit, na mwenye toleo hilo atalazimika kuridhika na kukizima kifaa na kuzuia draiva zisiletwe na masasisho.

Kisha mashine iliungwa intaneti makusudi, ikaachwa itafute masasisho yote inayoyataka, ikazimwa na kuwashwa tena na tena, ikiwa baridi na ikiwa na joto. Haikuganda. Hesabu zikarudishwa.

Mwenye mashine alielezwa mambo matatu wakati wa kuikabidhi. Betri itaisha mapema kidogo kuliko zamani, kwa kuwa chipu isiyo na draiva inaweza kubaki ikila umeme bila mtu wa kuilaza. Tundu la HDMI halitoi picha tena, kwa sababu kwenye modeli hii limeunganishwa na chipu iliyokufa, na alisema dukani hawajawahi kulitumia. Na siku yoyote fundi mwingine akimpigia Windows upya, sera ile itafutika na mashine itaganda mara itakapopata intaneti. Kwa hiyo niliandika utambulisho wa chipu na jina la sera kwenye karatasi, nikaibandika kwa gundi ya plastiki chini ya mashine, pembeni ya kibandiko cha namba yake ya kiwandani. "Yaani huyo fundi mwingine akisoma hapa ataelewa?" aliuliza. Nikamwambia ataelewa, na asipoelewa asimruhusu aifungue.

Kuhusu Windows 11, ambayo aliiulizia kwa kuwa msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, prosesa yake ni ya kizazi cha kabla ya kile cha 8 cha Intel na haimo kwenye orodha inayokubaliwa. Fedha za kuinunulia bodi kuu nyingine azitunze kwa ajili ya mashine nyingine, na kwa sasa aendelee na hii kwa hesabu zake, nakala ya mafaili ikiwa kwenye diski ya nje.